Boksi Zima

Miaka ile ofisi zilipokuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, sisi wa tawi la Mkuu, Rombo, tuliambiwa kwamba tutaponea kwenye waya wa simu. Kampuni yetu ilinunua kahawa kwa wakulima wa Rombo na kuwauzia mbolea na dawa. Zamani ilikuwa mali ya umma, halafu ikauzwa kwa wenye mitaji wa Dar es Salaam, na wao wakaja na neno lao, kupunguza. Mtu hafukuzwi, anapunguzwa. Wenzetu wa tawi la Bomang'ombe walikwisha kupunguzwa mpaka wakabaki mlinzi na mfagizi. Meneja wetu wa Moshi, mtu asiyejua kuzungusha maneno, alinieleza wazi kwamba wakubwa wanataka kila jioni waione kahawa yote iliyonunuliwa siku hiyo, wao wakiwa wamekaa Moshi, bila kusubiri basi lilete disketi kesho yake. Tawi litakaloweza kutuma habari zake kwa waya litabaki. Litakaloshindwa litafungwa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Kompyuta ilipoletwa iliwekwa kwenye meza iliyokuwa karibu na yangu, na kwa cheo hicho cha ujirani nikawa mtu wa kompyuta. Sikulalamika. Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka Mkuu ibaki, na haikuwa mapenzi kwa kampuni.

Baba alikuwa amepigwa kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu, mdomo ukapinda kidogo, ingawa ulimi wake haukupungua ukali. Mama alikwisha kutangulia. Kaka zangu walikuwa Dar, na kwa kaka zangu Rombo ni mahali pa kuja Krismasi kula nyama na kuondoka. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kiko juu kidogo ya soko la Mkuu, mwendo wa kutokwa jasho tu. Kwa hiyo niliweza kumwogesha asubuhi, nikashuka kazini, nikapanda mchana kumlisha mtori, nikashuka tena, na jioni nikamgeuza na kumlaza. Mshahara ndio ulionunua dawa. Ofisi ikifungwa, kimoja kati ya vitu viwili kingeondoka, ama dawa, ama mimi. Na kumhamisha yeye haikuwezekana. Tulijaribu mara moja kumpeleka Dar kwa kaka, akagoma kula mpaka akarudishwa, na siku aliyorudi alikula kiburu cha ndizi na maharage bakuli zima, tena akauliza kama kimebaki.

Basi vifaa vikaja, juu ya lori la mbolea, vimefungwa kwa magunia. Vilikuwa vya mtumba, vimetumika Ulaya mpaka wenyewe wakavichoka. Kimoja kilikuwa ruta, chuma cheusi chenye feni ndani, kazi yake kuchukua maneno ya kompyuta na kuyaonyesha njia ya kupita. Cha pili kilikuwa modemu, kijisanduku chenye safu ya taa nyekundu, chenye kuyageuza maneno hayo yawe mlio unaoweza kusafiri kwenye waya wa simu. Modemu hatukuiita modemu. Tuliiita boksi. Waya wenyewe tuliukodi kwa watu wa simu, nao ulishuka mlimani ukipita juu ya migomba ya watu, umeungwa hapa na pale, na mvua ikinyesha ulijaa mikwaruzo. Waya kama huo haupitishi mengi. Kutuma hesabu ya siku moja ya msimu kulichukua mchana wote, na mara nyingi kulikatikia katikati, tukaanza upya.

Dawa ya waya huo ilikuwa kadi iliyochomekwa ndani ya ruta, kadi ya kubana. Nilipelekwa Moshi kufundishwa habari zake, na nilipewa kitabu kinene cha Kiingereza ambacho hakikunisaidia. Kilichonisaidia ni majani ya ng'ombe. Wanawake wa kwetu hushuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani mlima wote. Anayejua kufunga huyakanyaga, huyabana, hupitisha kamba, na mzigo uliokuwa mkubwa kama kibanda unakuwa wa kubebeka. Ndivyo kadi ile ilivyofanya na maneno yetu. Lakini mzigo ukishabanwa, ukiuongezea kamba ya pili unauongezea uzito tu. Boksi nalo lilikuwa na ujuzi wake wa kubana, na ukiacha vyote viwili vibane, yaani kadi na boksi, mambo yanakwenda polepole kuliko mwanzo. Kwa hiyo boksi linaambiwa liache kubana, kazi hiyo ibaki kwa kadi. Na anayepokea mzigo upande wa pili lazima ajue fundo ulilofunga, la sivyo hataufungua. Kama Mkuu wanabana, Moshi nao wawe wamewekwa kubana, kwa kadi ileile na kwa namna ileile. Upande mmoja ukibana na mwingine usibane, kinachofika ni takataka.

Aliyenifundisha alikuwa kijana, fundi wa kampuni pale Moshi. Alizaliwa kule chini kwenye kambi za kiwanda cha sukari, baba mtu wa Kigoma, mama Mnyaturu, na nyumbani kwao hawakuwa na lugha ya kuelewana ila Kiswahili. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mfereji. Mimi changu ni cha Rombo. Nilikipata shuleni baada ya Kichagga cha mama, na sijawahi kukionea haya. Yeye aliniita dada, mimi nikamwita mdogo wangu, na tulipatana. Alikuwa na subira. Nilipomwuliza jambo lilelile mara kadhaa hakuguna, na kwa hilo nilimpenda. Alinifundisha pia kwamba kitu kikigoma bila sababu, usikibembeleze. Kizime, subiri kidogo, kiwashe. Somo hilo nililishika kuliko yote.

Ikawekwa siku ya wakubwa kuja Moshi kujionea. Ilikuwa vuli, na usiku wa kuamkia siku hiyo radi ilipiga Rombo yote. Sisi radi tunaijua. Ilikwisha kutuchomea boksi moja, na hilo tulilokuwa nalo lilikuwa la pili na la mwisho. Nilimwogesha baba haraka kuliko kawaida, akanung'unika kwamba leo naosha kama naosha gunzi.

“Leo nina wageni,” nikamwambia.

“Wageni gani hawaji nyumbani?”

“Wako Moshi. Wananitazama kwa waya.”

“Basi vaa vizuri,” akasema, na nilijua ananicheka.

Ofisini, simu ilikuwa chumba cha mbele. Ruta na boksi vilikuwa nyuma, kwenye iliyokuwa stoo ya magunia, na waya wa simu ya kuzungumzia haukufika huko. Kwa hiyo kila nilichoambiwa niliweka mkonga mezani, nikaenda nyuma, nikafanya, nikarudi kusema. Nilikwenda kuangalia kwanza. Taa za boksi zilikuwa zinawaka. Nikashukuru Mungu, nikarudi mbele, na simu ikalia.

Alikuwa fundi. Nyuma yake nilisikia sauti za wanaume, na kicheko cha mtu aliyezoea kuchekewa. Mikwaruzo ilikuwa mingi.

“Dada, habari za huko. Mvua imewaacha?”

“Imetuacha. Wameshafika?”

“Wako hapa nyuma yangu. Dada, boksi zima?”

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Yeye alikuwa ananiuliza kama boksi limepona na radi. Mimi nilisikia amri. Nikadhani ameona kasoro huko kwake, na sasa tunafanya lile alilonifundisha mwenyewe, zima, subiri, washa. Nikasema sawa, nikaweka mkonga, nikaenda nyuma nikalizima. Nikarudi.

“Tayari,” nikamwambia.

“Vizuri. Sasa naanza.”

Akaanza, na bila shaka hakuona kitu. Nikamsikia anabonyeza, anabonyeza. Nikawa nasubiri aniambie niwashe, hasemi.

“Dada, huku hakuna kitu kabisa. Boksi zima lakini?”

“Zima,” nikamjibu, kwa uhakika wote.

Ni jambo ambalo fundi yule na mimi hatukuwahi kukubaliana. Yeye alisema amri ingekuwa “lizime,” na kila mtu anajua. Mimi nilimwambia watu wenye haraka kwenye simu mbovu hawana muda wa kutafuta viambishi. Kwetu mtu akitaka kujua kama kitu kimepona atauliza, “Boksi iko nzima?” Si sahihi, najua si sahihi, mwalimu wangu wa darasa la tano angetupa chaki. Lakini lingeeleweka. Kama angekosea kidogo kama tunavyokosea sisi, tusingefika tulipofika. Alisema sawasawa, na usawasawa wake ukanipoteza.

Sasa yeye, wakubwa wamemsimamia mgongoni, boksi ameambiwa ni zima na waya kimya, akaamini mbaya ni kadi ya kubana. Hakuniambia. Akaiondoa kazini upande wa Moshi ili ajaribu bila kubana. Mimi sikujua, nasubiri tu na mkonga umenata sikioni kwa jasho. Nikasikia mtu nyuma yake anasema, “Hao wa Mkuu ndio hawa?” Na mwingine, “Tumeona. Twendeni tukale.”

Hapo akili yangu ikapanda nyumbani. Nilimwona baba amekaa peke yake kwenye kiti chake cha kamba, inzi wanamtua upande asiousikia. Si aibu niliyoiona, ilikuwa hofu, na hofu ikageuka hasira kama inavyokuwa kwangu siku zote.

“Mdogo wangu,” nikasema kwa nguvu, “utaniambia lini niwashe?”

“Uwashe nini?”

“Boksi.”

“Limezimwa?”

“Si umeniambia nizime?”

Akasema polepole sana, “Dada, washa.”

Nilikimbia. Mama mtu mzima, nikajikwaa kwenye gunia la mbolea, nikawasha. Taa zikaja moja moja. Nikarudi mbele, akaniambia waya umeamka, halafu akasema umelala, halafu umeamka tena. Nikaenda nyuma kutazama kwa macho yangu. Kwenye ruta niliona kitu ambacho kitabu kinene kisingenieleza lakini majani ya ng'ombe yalinieleza: sisi tulikuwa tunabana, na huko hakuna anayefungua. Nikarudi kwenye simu.

“Umegusa nini huko kwako?”

“Nimetoa kadi kazini.”

“Irudishe.”

Akairudisha. Waya ukaamka na haukulala tena. Nikatuma kahawa ya jana yote, kila mkulima na kilo zake, vituo vyote vya Mkuu, na kabla chai niliyokuwa nimemiminiwa haijapoa fundi akasema imefika yote. Nikasikia mtu anamnyang'anya simu. “Hongera sana, mama,” sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya yule aliyetaka kwenda kula.

Nilipanda nyumbani mchana nikiimba. Baba akaniuliza kama wageni wangu wamependezwa. Nikamwambia wamependezwa, na sasa hatutoki hapa. Akasema yeye hakuwa na mpango wa kutoka. Nilimlisha, nikacheka mwenyewe habari ya zima, nikamweleza, lakini kwa Kichagga mchezo huo wa neno haupo, kwa hiyo hakucheka, alinitazama tu kama mtu aliyelewa mbege mapema.

Kwa muda mambo yakawa mazuri. Kila jioni kahawa ilishuka Moshi kwa waya, na mimi nikapanda nyumbani kwa majivuno. Nilijifunza kukiweka kile chuma kiasi kwamba umeme ukikatika, ukirudi kinaamka chenyewe, kinajitafutia Moshi, kinaendelea. Nililipatia boksi kifaa cha kulikinga na radi. Fundi naye akanionyesha jinsi ya kufungua mlango mdogo ili akiwa Moshi aweze kuingia kwenye ruta yangu na kurekebisha bila kunisumbua. Nilifurahi. Nilisema sasa hata nikichelewa kwa baba hakuna kitakachoharibika.

Wakubwa wakaja Mkuu wenyewe, na viatu vya mjini, na matope ya Rombo yakawapokea. Niliwapeleka stoo. Walitazama taa, walisikiliza feni, mmoja akaniuliza, “Mama, hiki kidude kinahitaji mtu wa kukaa nacho?”

“Hapana, bosi,” nikasema. “Kikishawekwa vizuri hakihitaji mtu. Kinakaa chenyewe.”

Nilisema kwa sauti ya mama ambaye mtoto wake ameacha kukojoa kitandani. Wakatazamana. “Safi sana,” akasema yule mmoja, na mwingine akanipa mkono. Sikuhisi lolote. Naambiwa methali, mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi sikumchimbia mtu. Niliulizwa swali la kazi nikalijibu kwa ukweli, na hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo kilivyokuwa.

Meneja wa Moshi alipanda mwenyewe kuja kutuambia, na kwa hilo namheshimu. Alisema kwa kuwa waya unafanya kazi vizuri kiasi kile, hakuna haja tena ya watu kukaa Mkuu. Mizani itashikwa na vibarua wa msimu, mmoja wao ataandika kilo kwenye kompyuta, mengine yote yatafanywa Moshi. Chumba cha ruta kitafungwa kwa kufuli, umeme ukiachwa. Karani, mtunza stoo na mfagizi wanapunguzwa.

“Wewe hupunguzwi,” akaniambia. “Wewe wanakutaka Moshi, uangalie waya zote za mlimani.”

“Na kama waya ungeshindwa siku ile?” nikamwuliza.

“Tungefunga.”

“Na sasa haukushindwa.”

Alitazama dirishani, akasema mvua inaelekea kurudi, afadhali ateremke kabla njia haijaharibika.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kufunga mkoba wangu. Mtunza stoo, mzee wa watu aliyekuwa akininunulia maandazi, hakunisalimia akiondoka, na sikumlaumu. Kwake mimi ndiye niliyeleta kile chuma. Nikafikiria kukataa. Lakini nikikataa, dawa za baba zinatoka wapi? Kahawa yenyewe ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na kaka zangu nimeshawaeleza walivyo. Na mtu wa kompyuta pale Mkuu, bila ile kompyuta, alikuwa mpiga chapa bila taipureta.

Nilimwambia baba habari ya Moshi nikiwa namwosha miguu, kwa sababu hapo hatukuwa na lazima ya kutazamana. Nikamwambia kwamba mke wa jirani amekubali kuja asubuhi na jioni, na mimi nitapanda kila Jumamosi.

“Na kile kidude chako kinakwenda Moshi?” akauliza.

“Hapana. Kinabaki.”

“Kitakaa na nani?”

“Peke yake. Hakihitaji mtu.”

“Nani amekifundisha?”

“Mimi, baba.”

Akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa unacheka. “Basi nenda,” akasema. “Chuma cha mtumba kinaweza kukaa chenyewe, mimi nishindwe?” Alisema kwa kiburi, kama alivyosema kila kitu, na nilichagua kumwamini kwa kuwa nilihitaji kumwamini. Nikamfuta miguu, nikampaka mafuta, na tukazungumza habari za ndizi za kukata.

Jumatatu nikashuka. Nilipanga chumba Pasua, mtaa wa pale Moshi, na kazini nilipewa meza yenye kompyuta mpya inayotazama ukuta. Kazi ya kwanza ya kila asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa kuziita ruta zote za mlimani moja moja, kuuliza kama ziko hai. Swali linapanda mlima na jibu linarudi kabla hujapepesa macho. Mkuu ilikuwa hainiangushi. Kutoka pale ilipokaa hadi kwa baba ni mwendo wa kutokwa jasho tu, na nilijua hali ya ruta kila asubuhi, na ya baba nilingoja Jumamosi.

Siku ambayo mke wa jirani aliingia akamkuta baba yuko sakafuni, amekwisha kupoa, niliita Mkuu saa ileile ya kila siku, habari bado hazijanifikia. Ikanijibu papo hapo. Meneja alipopita na kikombe chake akaniuliza huko mlimani vipi, nikamwambia Mkuu hakuna tatizo.